Nyimbo za Kuwatisha Wageni wa Sanje

Kijiwe chetu kipo mtaa wa Viwanja Sitini, kwenye kona ya nyumba ya Lukelo: benchi moja refu ambalo limelika katikati kwa makalio yetu. Mzee Mbaruku anakaa mwisho wa benchi na birika lake la kahawa. Stumai anachoma vitumbua pembeni, na mdomo wake una moto kuliko jiko lake. Mimi nina cherehani yangu barazani, nashona na kusikiliza, na nikichoka kusikiliza nawagombeza. Lukelo mwenyewe hakuwepo. Alikuwa hospitali na mkewe, Agnella, aliyelazwa tangu wiki iliyopita kwa sababu ya kifua. Kila asubuhi tulisema jioni tutakwenda kumwona, na hospitali si mbali, unafika kwa mguu kabla jasho halijakutoka. Kila jioni tukawa na sababu. Siku hiyo sababu ilikuja asubuhi asubuhi, juu ya toroli.

Toroli lilikuwa la Evod. Tunamwita Volti, kwa kuwa anakodisha spika kwenye harusi na misiba, na spika yake ni kubwa kama kabati la bibi harusi.

Evod: Shikamooni wazee! Oya, nimepata bonge la kazi. Kuna lodji kule Sanje, chini ya mlima, ina wageni wazungu. Mwisho wa mwezi huu wanataka muziki wa kuogopesha. Nyimbo nichague mimi.

Stumai: Wa kuogopesha nani?

Evod: Wao wenyewe.

Stumai: Mtu anapanda ndege mpaka huku ili aogope? Si angekuja kuishi na mama mkwe wangu.

Octavian: Tulieni, hilo nimelifanyia utafiti.

Octavian huyo tunamwita Daktari Mbu. Aliwahi kuajiriwa kukusanya mitego ya mbu ya watafiti, na tangu hapo hakuna jambo asilolifanyia utafiti, isipokuwa kazi.

Octavian: Kwao miezi hii majani yanapukutika, baridi inaingia, basi wanafanya sikukuu ya mizimu. Watu wazima wanajifunika mashuka. Wanachukua boga, wanalitoboa macho, wanaliwekea mshumaa ndani.

Stumai: Boga zima? Halafu wanalipika?

Octavian: Hawalipiki. Wanaliangalia.

Stumai: Mungu awasamehe.

Mbaruku: Mwanangu Volti, usihangaike. Wapigie taarabu. Hakuna muziki unaotisha kama taarabu. Jirani akiongeza sauti tu, unakaa unajiuliza, mimi nimefanya nini?

Evod: Mzee, wale hawajui Kiswahili. Watacheza.

Octavian: Wanaogopa kitu kimoja tu: mbu. Chukua sauti ya mbu mmoja, mmoja tu, yuko ndani ya neti na wewe umeshazima taa. Iweke kwenye hiyo spika. Alfajiri lodji tupu! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaani mgeni akikimbia, mwenyeji anapona.

Nikamwambia hiyo siyo maana yake hata kidogo.

Octavian: Fundi, wewe shona.

Stumai: Mbu si wimbo. Weka kiboko. Kiboko akitoa pumzi mtoni, ile pfuu, hata mlevi anakumbuka sala.

Mbaruku: Kiboko wameshamwona mchana, wamempiga picha, wamemchekea. Halafu niwaambieni jambo. Hawa hawaogopi mizimu kwa sababu mizimu yao imebaki kwao. Nani wa kuwafuata mpaka Kilombero? Mzimu haupandi ndege.

Octavian: Unapanda! Mbu tu anapanda ndege, sembuse mzimu?

Mbaruku: Mzimu na mbu wapi na wapi, Daktari?

Octavian: Wote wawili wanajua ulipolala.

Hapo tulicheka, hata mimi, uzi ukanitoka kwenye sindano. Kahawa ikazunguka tena. Ndipo Evod akajikuna kichwa na kusema neno ambalo bora angelimeza.

Evod: Mimi ninaona kinachotisha kuliko vyote ni kwaya.

Stumai: Kwaya ya kanisani? Acha kufuru.

Evod: Siyo kufuru, dada. Fikiria. Asubuhi, hujanywa chai, unasikia spika kubwa inapiga kwaya ya msiba mtaani kwenu. Si unasimama? Mswaki mdomoni, unahesabu: nani alikuwa anaumwa? Ile sekunde, kabla hujajua ni nani. Kuna kitu kinatisha kama ile?

Kijana alikuwa amesema kweli. Hapa kwetu spika ndiyo inayotangaza. Ikilia mdundo ni harusi, ikilia kwaya asubuhi ni msiba, na akina mama wanafunga khanga na kutoka bila kungoja kuambiwa.

Octavian: Haina utafiti hiyo. Tuijaribu.

Mbaruku: Hapa?

Octavian: Hapa. Kidogo tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwa hiyo weka sauti ya kutosha, wasikie wote.

Na hakuna aliyekataa. Naliandika hili makusudi, maana baadaye kila mmoja alijidai alikataa. Mimi mwenyewe nilivuta waya wa umeme kutoka barazani nikampa Evod. Nilitaka kusikia.

Spika ikakohoa, halafu ikaanza. Sauti moja ya mwanamke, peke yake, ndefu, haina haraka, kisha kwaya nzima ikaipokea. Nywele zilinisimama. Dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita akapunguza mwendo, akavua kofia. Muuza mboga akatua beseni.

Octavian: Mnaona! Mnaona! Wazungu watalia!

Stumai hakucheka. Kijiko kilikuwa kimesimama juu ya kitumbua na kitumbua kinaungua.

Stumai: Volti, hii umeirekodi wapi?

Evod: Kwenye msiba wa baba yako, dada. Mwaka jana.

Stumai: Anayeanzisha ni Agnella.

Tukasikiliza tena. Alikuwa Agnella kweli. Nani mwingine? Msiba wowote Viwanja Sitini, yeye ndiye anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Alipofiwa Stumai, Agnella aliimba mpaka sauti ikakauka, akaendelea kwa kunong'ona. Mke wangu alipougua alituletea uji kila siku, wala hakuwahi kusema jioni nitakwenda. Nilijisikia vibaya, tena vibaya sana. Nikasema, "Zima." Lakini Evod alikuwa ameinama upande wa pili wa spika anatafuta kitufe, na Kabula, mama mmoja Msukuma aliyehamia jirani hivi karibuni, alikuwa ameshavuka barabara na mzigo wa kuni kichwani.

Kabula: Poleni jamani. Nimesikia nikaja na nilichonacho. Ni nani?

Kabla hatujamjibu, mlango wa Lukelo ukafunguka.

Akatoka mama yake Lukelo, Bibi Kristina. Miguu yake haifanyi kazi vizuri, haendi popote siku hizi, anamngoja Lukelo amletee habari, na Lukelo alikuwa analala hukohuko hospitali. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani. Alishika ukuta, akatembea hatua kwa hatua mpaka kwenye kona yetu, akakaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa.

Bibi Kristina: Kwa hiyo mwanangu Agnella ameondoka. Mbona hamkunigongea mlango?

Ndipo Evod akaipata swichi. Sauti ya Agnella ikakatika katikati ya neno.

Stumai: Bibi, hapana! Bibi inuka! Hakuna msiba. Tulikuwa tunajaribu spika.

Bibi Kristina: Mnajaribu spika kwa sauti yake?

Evod: Nisamehe, bibi. Ni kazi. Kuna wageni kule Sanje...

Alisikia mwenyewe anachosema, akaacha.

Mbaruku: Agnella hajambo, bibi. Anaendelea vizuri kabisa.

Bibi Kristina: Umemwona?

Mbaruku: Tu... tunasikia anaendelea vizuri.

Bibi Kristina: Lukelo hajaja tangu juzi. Ninyi ni marafiki zake, mnakaa kwenye ukuta wake kila siku. Kama mmemwona Agnella ni mzima, niambieni, yuko wodi gani?

Swali jepesi. Hata mtoto wa chekechea angelijibu. Mbaruku aliangalia birika. Stumai akanitazama mimi, na mimi nikamtazama Octavian. Octavian alifungua mdomo na nikajua anatafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, haikuja. Evod alimpigia Lukelo simu. Haipatikani. Akapiga tena.

Kabula alikuwa bado amesimama na kuni zake kichwani.

Kabula: Hamjui wodi?

Tulikuwa hatujui.

Mzee Mbaruku akamwaga kahawa iliyobaki kwenye mkaa. Birika lilikuwa bado na nusu, na sijawahi kumwona akimwaga hata tone. Evod akaishusha spika kutoka kwenye toroli bila kuomba msaada, akatandika koti lake, tukambeba Bibi Kristina na kumkalisha. Stumai akatia vitumbua kwenye hotipoti, hata vile vilivyoungua.

Octavian: Fundi, na spika?

Nikamwambia aiache hapohapo benchini.

Tukasukuma toroli kuelekea hospitali, barabara nzima. Watu walikuwa wametoka milangoni na khanga zao, na kila tuliyempita alituuliza msiba ni wa nani. Tuliwajibu hakuna msiba, kwa sauti kubwa, ili bibi asikie. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na hakika.