Uamuzi Mmoja wa Rachael Njambi

Kabla ya tarehe yoyote kusomwa, cucu wa marehemu, yaani bibi yake mzaa mama, ametaka isikike kwamba yeye hakuomba kazi hii, kwamba kamati ya mazishi ina walimu wawili na mzee wa kanisa mwenye miwani, na bado walipoulizwa nani atasimulia waligeuka wote wakamtazama mwanamke aliyeacha shule darasa la pili, kama mbuzi wanavyomtazama mwenye chumvi. Amekubali, kwa sababu anajua walimtazama kwa nini. Maneno ni yake, mwandiko ni wa Lynn, binti wa jirani, ambaye ameonywa asiyatie sukari.

Marehemu Rachael Njambi alizaliwa Thika tarehe 9 Juni 1989, na kwa kuwa mama yake hakuwa ameolewa, mtoto alipewa jina la mama wa mama, ndiyo maana cucu naye ni Njambi. Mama alifariki mwaka wa 1994, na Rachael, akiwa na miaka mitano, akaletwa hapa Gatuanyaga kwa mkokoteni wa punda, katikati ya mitungi ya maji, wala hakulia, aliuliza tu kama anaruhusiwa kushuka.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1996 hadi 2003, na walimu walipogawa fomu za kuchagua shule ya upili, wenzake walijaza siku hiyo hiyo, yeye akaiweka yake ndani ya Biblia wiki mbili, mpaka cucu, ambaye herufi humpiga chenga, akaweka kidole juu ya jina moja akasema, andika hii. Ndiyo aliyoandika, akamaliza kidato cha nne mjini Thika mwaka wa 2007. Mambo yakaendelea hivyo, na cucu hatadanganya mbele ya jeneza kwamba yalimchukiza.

Januari 2009 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo huko Ruiru, kwanza kwenye pasi, halafu kwenye cherehani, na mikono yake ilisifiwa hata na msimamizi asiyejua kusifu, lakini akienda dukani kujinunulia kitambaa alipiga simu Gatuanyaga kuuliza rangi, naye cucu, akiwa zizini, alimjibu kwamba ng'ombe hawana maoni, chukua kijani. Alichukua kijani. Waweru Ngigi, fundi wa kuchomelea vyuma hapo Ruiru, alipomposa mwaka wa 2012 aliambiwa, ngoja nimuulize Cucu, akangoja miezi minne. Walioana kwa desturi mwezi wa Agosti mwaka huo, mbuzi wengine wa ruracio, yaani mahari, wakafika, wengine wako njiani hadi leo, na Mungu akawapa watoto wawili, Mwas mwaka wa 2013 na Maggie mwaka wa 2016.

Mwaka wa 2021 shingo yake ilianza kuvimba, goita, akaificha kwa skafu, na kufikia mwisho wa 2024 alikuwa akilala ameketi, pumzi ikilia kama cherehani iliyokosa mafuta. Daktari mjini Thika alimwambia uvimbe unabana njia ya hewa, na lazima utolewe. Tarehe 28 Januari 2025 akapiga simu Gatuanyaga, cucu akangoja swali, kwa maana simu ya mtoto huyu haikuwahi kuja bila swali, lakini siku hiyo alisema, "Cucu, leo sikuulizi, nakuambia. Nitakatwa. Naogopa, lakini nimeamua." Aliomba jambo moja tu, cucu aje aweke kidole kwenye fomu, kwa kuwa hospitali ilipenda mtu wa familia naye atie alama yake.

Jumanne tarehe 11 Februari walikaa mbele ya daktari, naye kwa upole akachora kwenye karatasi mahali kisu kingepita. Cucu amechinja mbuzi miaka hamsini, na mahali pale anapajua. Kidole kilikuwa kimeshapakwa wino, akakirudisha chini ya leso yake, akasema shingo ya mtu haichezewi, tungoje mvua ya Aprili, tupande, tuombe, kisha tuone. Waweru alifungua mdomo, akaambiwa mbele ya manesi kwamba mwanamume ambaye mbuzi wake hawajaisha hana mdomo juu ya shingo ya mtoto wa watu. Daktari akasema Rachael ni mtu mzima, sahihi yake peke yake inatosha. Rachael akaitazama ile leso, pale kidole kilipojificha. "Sawa, Cucu," akasema, akafunga skafu yake.

Jumatatu tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, akianika nguo huko Ruiru, hewa ilimkatikia. Jirani yake Khamisa alimtia kwenye gari, akapiga honi njia nzima, lakini hospitali hawakuifikia naye akiwa hai. Mvua ya Aprili haikuwa imekuja pia.

Familia inamshukuru daktari, aliyesema ukweli kwa watu wasiosikia, inamshukuru Khamisa na majirani wa Ruiru, na wenzake wa kiwandani, hasa Nafuna, aliyemshonea gauni alilovaa sasa, la kijani, bila kuuliza mtu.

Jana, mochari, karani alisukuma fomu ya kuchukua mwili akauliza nani anatia sahihi. Waweru akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia, akasema bila hasira, "Cucu, mimi sina mdomo. Mbuzi hawajaisha." Juu ya fomu paliandikwa Njambi, chini paliandikwa Njambi, na cucu akatoa kidole kile kile, akakikandamiza juu ya karatasi, na safari hii hakikurudi. Ameamka leo akakisugua kwa sabuni na jivu, wino bado upo, mkimpa mkono mtauona.

Lala, Rachael, hapo ulipo hakuna wa kukuamulia.