Mzee Rejea Anakabidhi Ukurasa Wake

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mwenzetu wa Idara ya Tovuti anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Mzee Rejea, na anaitika.

Aliajiriwa kama fundi wa kompyuta, enzi ambazo ofisi nzima ilikuwa na laini moja ya intaneti na watu walipanga foleni kuitumia. Tulipoanza kujenga tovuti, yeye ndiye aliyekerwa na jambo ambalo wengine tulilizoea: ukurasa unapendeza kwenye kivinjari kimoja, ukiufungua kwa kingine vitufe vimepandana na maandishi yametoka nje ya kioo. Akatengeneza ukurasa wa marejeo kwa ajili ya waunda tovuti, kwa Kiswahili chepesi. Humo anaeleza kila kipengele kinakubalika kwenye vivinjari gani, kinagoma wapi, viwango rasmi vinasemaje na dawa yake ni nini. Toleo jipya la kivinjari likitoka, yeye hulijaribu kwanza, chai ipoe ikitaka.

Ukimwendea na swali, jibu lilikuwa neno moja: rejea. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema, ila kuuliza kabla ya kurejea ni uvivu.

Neno hilo liliwahi kumponza. Dada mmoja, siku yake ya kwanza kazini, alimfuata kutaka kujua kwa nini menyu aliyoiunda haionekani kwenye simu za zamani. Mzee, macho kwenye kioo, akamwambia rejea. Mtoto wa watu akaelewa kwamba arudi alikotoka. Akachukua mkoba, akaaga mapokezi, akaenda kwao analia kwamba amefukuzwa kazi kabla hata ya chakula cha mchana. Mzee alipiga simu mwenyewe kuomba radhi, na radhi ya kwanza ikamwendea mama mtu, maana ndiye aliyepokea na alikuwa amewaka kwelikweli. Tangu hapo akajirekebisha na kusema rejea ukurasani, lakini jina lilikwisha kumganda. Dada huyo leo ni msimamizi wa waunda tovuti wetu, na hakuna anayemtania mzee kumzidi.

Miezi michache iliyopita utani ulipungua. Meneja alitangaza kwamba mzee akiondoka, ukurasa nao utafungwa: marejeo ya Kiingereza yamejaa mtandaoni, ya nini kuhangaika na ya kwetu? Hoja haikuwa ya kijinga, na mzee hakubisha. Ila tulimwona amenywea. Kazi aliyoilea miaka yote ilikuwa inazimwa, naye angali anaitazama.

Aliyeiokoa ni mama mzazi wa meneja. Alitaka kupanga siku ya kumwona daktari kupitia tovuti tuliyoijenga sisi wenyewe, na kisanduku cha tarehe kikagoma kwenye simu yake ya zamani. Akampigia mwanawe kumwuliza kama hiyo ndiyo kazi aliyosomeshewa. Meneja hakutaka kumwuliza mtu. Akaufungua ukurasa wa mzee kimyakimya, akakuta kisanduku kilekile kimeelezwa, na dawa yake chini, kwa lugha aliyoielewa hata yeye asiyeunda tovuti. Msimamizi akaitumia dawa hiyo, na mama akapata tarehe yake siku ileile.

Kwenye kikao cha Jumatatu meneja alisema ukurasa unabaki na msimamizi ndiye atakayeulea. Mzee alivua miwani, akaifuta, akashindwa kuivaa tena. Alilia, nasi tukalia naye, kisha tukala keki.

Mzee wetu, ahsante kwa kutufundisha kumkumbuka mtu mwenye simu ya zamani. Shemeji yetu, mkeo, ametusihi tusikupigie tena kwa mambo ya kazi, nasi tumekubali kwa shingo upande. Tunakutakia afya, usingizi usio na haraka na mapumziko ya kweli. Namba ya idara ni ileile. Ukishindwa kuvumilia, piga wewe.