Bi Tarehe na Kibao cha Chumba cha Tatu

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, Bi Tarehe anastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Alianza kwa kukata tiketi mlangoni, kisha akawa mwongoza wageni. Jina alilipata hapo. Ukimpa habari yoyote, hata ya mjomba wako kuoa, jibu lilikuwa moja: "Tarehe ngapi?" Madereva wetu wakimwona kwa mbali walijifanya wanaongea na simu.

Chumba cha tatu ndicho kilichomkaa rohoni. Humo mna kiti na barua za Malkia wa kale, aliyetawala miaka ishirini na tisa. Kibao chake kilisema alisifika kwa uzuri na ukali, na kwamba mfereji wa maji ulichimbwa na mdogo wake wa kiume. Basi, kimeisha.

Bi Tarehe alipiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Mfereji ulipokamilika, huyo mdogo alikuwa na miaka sita. Barua za kuwaita wachimbaji zina muhuri wa Malkia, nazo zimo kwenye kabati la kioo, hatua mbili kutoka kwenye kibao.

Aliiandikia kamati ya maonyesho kurasa mbili. Wa kwanza ulitaja mfereji, maghala ya nafaka na sheria iliyowaachia wajane nyumba zao. Wa pili ulitaja mitaa miwili ya waasi ambayo Malkia aliichoma moto, na watu waliofia humo. Nilimuuliza kwa nini anawapa fimbo ya kumchapia. Akanijibu, "Nikificha mabaya yake, mazuri yake nani atayaamini?"

Kamati ilikaa miezi mitano. Ikachukua ukurasa wa pili, ikautupa wa kwanza. Malkia akawa mrembo, mkali na mchoma mitaa, na mfereji ukabaki kuwa wa mtoto wa miaka sita. Tuliambiwa nafasi haikutosha. Kibao cha farasi wa huyo mdogo kina mistari minne.

Tangu hapo, kila asubuhi Bi Tarehe alibandika chini ya kibao karatasi aliyoiandika kwa mkono, na kila saa sita mchana Mkurugenzi aliibandua. Miaka kumi na moja. Dada wa usafi alikuwa akiziokota na kuzihifadhi kwenye maboksi ya sabuni. Maboksi sasa ni manne.

Wiki iliyopita ofisi ikanikabidhi rasimu ya wasifu huu: "Mama mchangamfu, atakumbukwa kwa tabasamu na chai yake tamu." Kwanza, chai yake ilikuwa mbaya, tuliyamwagia maua ya dirishani, na maua yakafa. Pili, rejesta ya vitu elfu nane, aliyoiandika yeye kwa miaka saba, rasimu imempa Naibu Mkurugenzi. Rejesta ilipokamilika, Naibu alikuwa chekechea. Watu hawa hawajifunzi, hata wakifanya kazi ndani ya makumbusho.

Basi nampima kwa kipimo chake mwenyewe. Ni mbishi. Hasahau. Aliwahi kumfungia stoo mgeni wa heshima aliyekalia kiti cha Malkia, na hadi leo hajaomba radhi. Na rejesta ni yake, kuanzia namba moja hadi ya mwisho. Waongoza wageni wote tisa tulionao amewafundisha yeye. Mimi ni mmojawao.

Jana mchana, mimi na fundi seremala tuliingia chumba cha tatu na kibao kipya. Kina kurasa zote mbili, mfereji na moto, neno kwa neno kama alivyoziandika. Fundi amekikaza kwa skrubu nane. Anayetaka kukiondoa aje na bisibisi yake, mbele ya wageni.

Bi Tarehe, ahsante sana. Uwe na afya, upumzike, uishi utakavyo. Lakini leo usitoke moja kwa moja getini. Pitia chumba cha tatu, usome polepole. Ukikuta kosa, gundi iko pale pale ulipoiacha.