Mzee Kasmiri na Ngitili Iliyoitwa Pori Tupu

Mwangaluka, Mzee Kasmiri, wewe na mkeo Mama Felisita. Nyumbani kwangu wote wanawasalimu. Baba Method anasalimu, mguu wake unaendelea. Mama mkwe Ng'washi anasalimu na kuuliza sasa nani atamsomea barua. Binti yangu Flora anasalimu, na kichanga chake. Method anasalimu toka Mwanza, kwa adabu kuliko wote, na sababu mtaiona. Mbuzi wangu naye angesalimu, ila ana woga.

Ndugu wafanyakazi, Mzee Kasmiri Mashimba anastaafu tarehe 30 Juni 2002, baada ya miaka thelathini na mmoja chini ya bati hili hapa Bariadi. Wamesema niandike mimi kwa kuwa ndimi niliyemmiminia chai nyingi kuliko wote, na darasa langu la nne mnalijua.

Aliingia akiwa tarishi wa ushirika wa pamba. Soko huria likaja, ushirika ukasinyaa, jengo likapangishwa ofisi yetu ya msaada wa sheria, na yeye akakutwa humo pamoja na kabati. Mabosi wamepita wanne. Yeye na kabati wakabaki.

Barua alizipeleka kwa baiskeli na hakuchelewa ila mara moja. Kutoboa ripoti na kuzifunga uzi kulikuwa kwake pia, na akitoboa husoma. Kila Julai tulipokea wanafunzi wa sheria, wanakuja kujifunza kutetea mazingira. Walishuka na viatu vyeupe na maneno mazito juu ya hali ya hewa ya dunia, naye akawafundisha kwanza kuchemsha maji ya kunywa.

Mwaka 1999 mmoja wao alikuwa Method wangu. Nilijivuna mpaka sokoni wakanichoka. Mtoto alikulia kwa shangazi yake mjini, shule kwa shule, ng'ombe akiwajua kwenye sahani. Kampuni moja ya pamba ilikuwa inaomba eneo la kijiji, na wanakijiji wakatukimbilia tuwatetee. Method alikaa kule siku tatu, akaandika kurasa kumi na moja. Bwana Januarius, bosi wetu, akasaini kwa furaha.

Ukurasa wa tisa ulisema eneo lile ni pori tupu, halitumiki, hakuonekana ng'ombe hata mmoja.

Jamani, ilikuwa ngitili. Majani ya akiba, yanafungwa tangu mvua, na ng'ombe haingii mpaka wazee wafungue kiangazi kikikaza. Mtetezi wetu alikuwa anaipa kampuni malisho ya kijiji kizima kwa Kiswahili safi.

Mzee Kasmiri aliusoma ukurasa huo akitoboa, hakumwambia mtu. Kamati ya ardhi ilikuwa ikae Ijumaa, na ripoti ilitakiwa ifike Jumatano. Jumatano hiyo alimpakia Method kwenye baiskeli, wakaenda kijijini, akaazima ng'ombe mmoja kwa binamu yake, akampa mwanangu fimbo.

“Umeandika halitumiki, mwanasheria. Basi mlishe humu.”

Method anasema ng'ombe hakumaliza tonge la tatu. Watu walitoka asikojua, wanawake na majembe yao, wazee na fimbo zao, na bibi mmoja akamuuliza, “Wewe mtoto, ulizaliwa ambako hakuna kiangazi?” Wakamkalisha chini, wakamsomea kosa, wakamtoza mbuzi. Mzee Kasmiri alisimama kando akiomba tu hukumu iandikwe na kugongwa muhuri wa kijiji.

Mbuzi alikuwa wangu. Nililia, sikatai.

Ijumaa asubuhi ripoti ilifika ikiwa na ukurasa wa tisa mpya, na karatasi ile ya faini imefungwa nyuma kwa uzi. Kamati iliuliza swali moja tu: pori tupu linamtozaje mtu mbuzi? Ngitili ikabaki ya kijiji. Ofisi ilipongezwa kwa utafiti wa kina. Bwana Januarius alipata cheti. Mzee Kasmiri alipata barua ya onyo kwa kuchelewesha ripoti siku mbili, na mpaka leo iko kwenye faili lake, peke yake. Aliitoboa na kuifunga mwenyewe, vizuri.

Asante, Mzee, kwa ripoti zote ulizozisoma wakati sisi tukizisifu. Uende nyumbani Kiloleli salama, mpunga ukuitike, na magoti yapumzike na baiskeli.

Ila ukifika tuma neno upesi, hata kwa dereva wa basi. Jumatatu wanafunzi wapya wawili wanaingia, na mmoja keshauliza kwa simu kama huku kuna maeneo yasiyotumika. Niambie nimjibu nini. Mbuzi nimebakiwa na mmoja.