Mayai Niliyoyaosha

Shikamooni mama zangu, nanyi dada zangu, hamjambo. Mmeniambia nisimame nisimulie. Basi nimesimama, ingawa miguu yataka kukaa.

Mwanijua. Kabla ya kikundi chetu hiki cha kufuga kambare, nilikaanga samaki pale Mambrui miaka mingi. Mliponipa kazi ya kuangulisha mayai, mlisema mimi samaki nawajua. Nami nikaamini.

Mara ya kwanza nilimkamua jike, mayai yakajaa beseni. Kesho yake yote meupe, yameota ukungu kama mkate uliolala. Nikamwaga. Mara ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Ndugu zangu, nawaambia, nilichoka hadi nikawa naogopa kufika bwawani.

Nikawalaumu samaki. "Huyu mgumba," nasema, kisha namchinja. Majike watatu wamekwenda hivyo, na kitoweo mlikila, msijifanye hamkumbuki. Akabaki mmoja. Mkasema huyu naye akishindwa, mabwawa yafukiwe.

Ndipo akaja dada mmoja mfugaji wa Magarini kunitazama nikifanya kazi. Nikamkamua yule jike wa mwisho. Nikachota kata ya maji niyaoshe mayai utelezi, kama nilivyoosha kila samaki maishani mwangu. Akanidaka mkono.

"Dada, wataka kufanyani?"

"Nayaosha. Nitie mbegu ya dume juu ya uchafu?"

"Yakiguswa na maji tu, vitundu vyake hujifunga. Hiyo mbegu itaingilia wapi?"

Mwenzenu nilikaa chini pale pale. Tukatia mbegu kwanza, tukakoroga kwa unyoya wa kuku, maji yakafuata. Siku ya pili nikaona vijikia vyatikisika. Hayakuanguliwa yote, mengine yaliharibika. Lakini wallahi nililia.

Dada wa Magarini, ahsante. Nanyi mlionivumilia hadi jike wa mwisho, Mungu awalipe. Funzo langu ni dogo: kazi ikiharibika, tazama mikono yako kwanza. Wale watatu hawakuwa na ila yoyote. Na mimi, niliyeitwa mgumba ukweni miaka kumi na miwili, ndimi niliyewapa jina hilo hilo, kisha nikashika kisu. Hilo bado halijanitoka.

Naomba nikae.