Kombora Likikamilika, Shen Atapiga Simu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Irving, mlioko Arlington, na nyinyi mnaorudi kazini mko barabarani, ongezeni sauti kidogo. Mimi ni Amna Aboud. Leo tunamkumbuka Abdulhafidh Makame, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Lewisville hapa Texas, dereva wa teksi uwanja wa ndege. Alifariki Oktoba hii, mwaka 2009. Tunamkumbuka mtu aliyesubiri simu moja. Simu moja tu, kutoka China.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, jeshi la nyumbani lilimpeleka China kusomea rada. Mwalimu wake alikuwa mhandisi wa rika lake, jina lake Shen. Shen alimfundisha rada, yeye akamfundisha Shen Kiswahili. Baridi ilipomzidi kijana wa Unguja, Shen alimvulia koti lake la pamba, mwenyewe akabaki na sweta. Koti hilo lilikuwa la kijani. Sote tuliomjua marehemu tunajua rangi ya koti, maana hakuchoka kutusimulia. Kisha Shen akahamishiwa kazi ya siri, milimani, na habari zake zikakatika.

Miaka ikapita. Abdulhafidh akaja Texas, akaoa, akapata binti. Mwaka 1996 alimpeleka abiria Houston, akaingia duka la Wachina kununua chai. Akafungua jarida. Humo akamwona Shen! Amenenepa, amevaa miwani, kasimama kando ya gari lililobeba makombora mawili mgongoni.

Lilikuwa kombora la kutungulia ndege, la masafa ya kati. Si lile dogo la kurusha begani, wala si lile kubwa la kwenda mbali mno. La katikati. Wachina walikuwa wakilihangaikia tangu miaka ya themanini, na lilikuwa bado halijaiva.

Mwenye duka alikuwa anasafiri kwenda kwao. Abdulhafidh akampa namba ya simu ya nyumbani kwake, amfikishie Shen. Jibu lilirudi kwa mdomo: "Shen anasema bado haruhusiwi. Kazi ikiisha, atapiga."

Basi, wasikilizaji wapendwa, tangu hapo mtu wetu akawa anaiombea silaha ikamilike. Kila akipata nafasi alishuka Houston kununua majarida. Akirudi, pale kwenye kahawa baada ya Ijumaa, anatupangia vikombe: hiki gari, hiki rada. "Rada ya zamani inazunguka. Hii ya kina Shen imesimama tu, lakini inaona kote." Tukimtania kwamba anapenda vita, anakuja juu. "Mie silipendi kombora. Mie namngoja mtu!"

Kombora likarekebishwa, likarudishwa, likarekebishwa tena. Alikuwa akinuna wiki nzima akisoma kwamba limekwama. Binti yake, Nahla, anakumbuka: "Nilimwambia, Dad, sote tuna cell phone, tui-cancel hii ya ukutani. Akaniambia, ikikatwa hiyo simu, nami hamnioni humu ndani." Walipotaka kuhamia Arlington, alikataa. Namba itabadilika.

Mwaka huu, China ilipotimiza miaka sitini, familia ilikaa mbele ya televisheni kutazama gwaride. Magari yakapita, makombora mawili mawili mgongoni. Mkewe, Bi Mashavu, anasema mumewe alisimama, machozi yanamtoka. "Akanambia, Mama Nahla, limekamilika. Sasa Shen atapiga." Akavuta kiti karibu na simu. Wiki tatu baadaye, moyo ukasimama.

Nilikwenda kumpa pole Bi Mashavu. Yuko eda. Mnajua mjane wa kwetu akiwa eda: hatoki, wala hazungumzi na wanaume wasio maharimu zake, yaani wasio ndugu zake wa karibu. Simu za rambirambi zinapokewa na Nahla. Siku moja Nahla hayupo, simu ya ukutani ikalia, ikalia, mama akainua. Sauti ya mwanamume. Mgeni. Kiswahili chake kizito, kinakwenda polepole: "Hodi. Abduli yupo? Mwambie kazi imekwisha."

Akaikata. Alidhani ni dereva aliyefanya kazi na marehemu, naye yuko eda. Alikuwa keshaanza kuosha mchele ndipo Kiswahili kile kizito kikamkumbusha Shen.

"Amna, mwanangu," aliniambia, "simu aliyoingoja mume wangu miaka yote, nimeikata mimi."

Bi Mashavu, kama unatusikia: hukukosa. Ulikuwa unamstahi mumeo. Wewe na Nahla, poleni sana. Mungu amrehemu Abdulhafidh, ampe makaazi mema.

Nanyi wasikilizaji, kila mmoja wetu huku ana mtu anayemngoja, au yeye mwenyewe anangojwa na mtu. Mfikirieni leo. Kama mnaweza kumpigia, mpigieni.

Simu ya ukutani Lewisville haijakatwa. Bi Mashavu kamwomba kaka yake ahamie pale mpaka eda iishe, alale sebuleni, karibu nayo. Na amemfundisha la kusema: "Abduli hayupo, bwana Shen. Lakini alikungoja."