Jambo la Saba Katika Daftari la Paskasi Lohay

Historia hii ingeanza na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo desturi, lakini Marietha, mjane wa marehemu, ameomba ianze na jambo ambalo amelifikiria tangu mwezi wa pili mwaka huu bila kupata jibu lake, nalo ni kwamba mume wake, Paskasi Lohay Tarmo, aliandika katika daftari mambo saba kuhusu bunduki, kisha akawapelekea waajiri wake mambo sita, na lile la saba ndilo lililokuja kumuua rafiki yake. Kwa nini aliliacha, Marietha hajui, watoto hawajui, na aliyejua tunamzika leo.

Paskasi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 katika kijiji cha Kainam, Mbulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane wa Mzee Lohay Tarmo na Mama Xaveria, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma Shule ya Msingi Kainam kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, ambako alijulikana kwa mwandiko mzuri na kwa tabia ya kutoandika jibu mpaka awe na hakika nalo, hata kila mara akawa wa mwisho kukabidhi karatasi. Hakuendelea na sekondari, kwa kuwa mwaka ule walichaguliwa watoto wawili tu, akabaki akilima na wazazi wake mpaka mwaka 1979, uwindaji wa kitalii uliokuwa umefungwa ulipokuwa umekwisha kufunguliwa tena, akaajiriwa na kampuni moja ya uwindaji kama mpagazi, akapanda kuwa mbeba bunduki mwaka 1984, na kuanzia mwaka 1992 akawa mtunza ghala la silaha, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili bila kupoteza hata risasi moja.

Alifunga ndoa na Marietha tarehe 26 Novemba 1983, siku ya Jumamosi, na mwaka 1988 walihamia hapa Nakwa, wakati Babati ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, wakajaliwa watoto watatu, Rosemary, Benedict na Theophil, na wajukuu saba. Mwaka 1996 kampuni ilimwajiri jirani yao wa uzio mmoja, Gerson Margwe Hhando, aliyekuja kuwa mfuatilia nyayo hodari na rafiki mkubwa wa marehemu, ingawa mmoja alikuwa Mkatoliki asiyecheka ovyo na mwingine Mlutheri aliyefanyia mzaha kila kitu, hata mwenzake.

Kampuni ilikuwa na raifo tano za zamani, zilizotengenezwa kabla ya uhuru, za aina ile ambayo bolti yake, yaani komeo la chuma, huvutwa kwa mkono kila risasi inapoingizwa na kila ganda linapotolewa, na vijana walizicheka mbele ya marehemu. Rashidi, dereva wa kambi, ambaye yupo hapa na ameruhusu asemwe, alizoea kumuuliza, "Babu, hiyo si ndiyo iliyopigana vita ya Mjerumani?" naye marehemu alimjibu bila kuinua kichwa, "Ilipigana, ikarudi. Za kwenu hatujazituma popote." Lakini kitani na mafuta ya kuzisafishia havikuweza kuzuia miaka, vipuri vilikuwa havipatikani, na mwezi Februari 2011 meneja alileta raifo mpya kwa majaribio, akamwagiza marehemu azilinganishe na za zamani na kuandika taarifa, isizidi ukurasa mmoja.

Alizilinganisha kwa siku kumi na moja, kwa kibali, kwenye machimbo ya kokoto ng'ambo ya Singe, akipiga asubuhi na kuandika mchana, na Gerson ndiye aliyekuwa akipanga shabaha na kuhesabu matundu. Daftari linaonyesha kwamba hakuwa mtu wa kutetea kitu kwa sababu tu amezeeka nacho. Aliandika kwamba ile ya zamani ina uzito wa kilo nne na nusu na mpya kilo tatu na robo, na kwamba tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayetembea tangu alfajiri. Kwamba kitako cha mti cha ile ya zamani huvimba wakati wa masika na kuupotosha mtutu, lakini cha plastiki hakijali mvua. Kwamba mpya hupiga kwa usahihi zaidi katika hatua mia mbili, na ina mahali pa kufungia darubini. Kwamba vipuri vyake vinapatikana Arusha. Kwamba ile ya zamani ina ukucha mpana unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini mpaka ganda linapotupwa, hata ukiigeuza bunduki chini juu haidondoshi, na mpya ina ukucha mdogo kama wa kuku. Na kwamba kwa mnyama wa karibu na mwenye hasira yeye angechukua ya zamani, ila kwa kazi nyingine zote angechukua mpya.

Hayo ni sita. La saba tutalisoma kama alivyoliandika, kwa maneno yake; sefti anayoitaja ni kile kidude kinachozuia bunduki isifyatuke.

"Saba. Sefti ya ile ya zamani ina nafasi tatu. Ile ya katikati hufunga kifyatulio lakini huacha bolti ifunguke, kwa hiyo mtu hutoa risasi huku bunduki imefungwa. Mpya ina nafasi mbili tu. Ikifungwa, bolti nayo haifunguki. Ili uitoe risasi lazima kwanza uiweke tayari kupiga. Aliyezoea ya zamani atasogeza kidole hatua moja akidhani bado yupo salama, kumbe hayupo. Wasipewe watu wa zamani kabla ya kufundishwa upya, hasa mimi na Gerson, maana mikono yetu imekwisha kuzoea."

Tarehe 14 Machi 2011 alilipeleka daftari kwa Abdulsalam, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale mjini, ambaye anakumbuka vizuri, kwa sababu mambo sita yalijaza ukurasa mpaka chini na la saba likabaki nje. "Nilimuuliza, mzee, hii ya saba niiweke ukurasa wa pili au nipunguze herufi?" amesema Abdulsalam. "Akakaa kwenye benchi muda mrefu, wateja wawili wakahudumiwa wakaondoka, kisha akasema, hiyo iache." Akatia sahihi, na taarifa ikaenda, na kabla ya mwaka kwisha raifo mpya sita zikaja na zile tano za zamani zikakabidhiwa serikalini.

Wapo wanaosema aliliacha kwa sababu meneja alikwisha kumwambia, "Mimi nimekuomba ulinganishe, sikukuomba uhutubie." Wapo wanaosema alichoshwa na kuitwa mtu wa Mjerumani, akaona aibu kuandika kwamba wawindaji wazima wanahitaji kufundishwa kutoa risasi. Rosemary anakumbuka kwamba siku zile baba yake alikuwa akikaa nyuma ya nyumba na kipande cha mti, akisogeza kidole gumba mbele na nyuma juu yake kama mtu anayehesabu rozari, na sasa anaelewa kwamba alikuwa akiufundisha upya mkono wake mwenyewe. Kama aliufundisha na mkono wa Gerson, hakuna aliyeona wala kusikia. Huenda alimwambia kwa mdomo, Gerson akacheka, yakaishia hapo. Familia haiwezi kuapa kwamba alimwambia, wala haiwezi kuapa kwamba hakumwambia.

Tarehe 21 Agosti 2013, siku ya Jumatano, saa sita mchana, Gerson alirudi kwenye gari baada ya kufuatilia nyati aliyejeruhiwa, na kwa kuwa kanuni ilikataza kupanda gari na risasi ndani, alisimama kuitoa kama alivyofanya kwa miaka mingi na bunduki ya zamani, akasogeza sefti hatua moja, mkanda wa begi ukanasa kifyatulio, na risasi ikampata shingoni, akafariki kabla Rashidi hajamfikia. Marehemu Paskasi ndiye aliyeitwa kuikagua bunduki ile, akaifungua yote, akaandika kwamba haina kasoro. Hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa ilifanya kama ilivyotengenezwa, na kwa sababu ya sentensi hiyo ya kweli fomu ya tukio ikajazwa maneno "uzembe wa mtumiaji," jalada likafungwa.

Vailet, mjane wa Gerson, alikuja hapa nyumbani siku ya arobaini, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akauliza mbele ya Marietha, "Shemeji, niambie wewe unayezijua. Gerson alizembea? Mtu aliyekuwa akirudi mara mbili kuangalia kama amefunga geti?" Marehemu akamjibu, "Bunduki haikuwa na kasoro, Mama Herieli." Vailet akasubiri aongeze neno, kisha akaaga akaondoka, na hakuuliza tena. Kijana wake Herieli, alipoomba kazi ya uaskari wa wanyamapori miaka minne baadaye, aliulizwa kama yeye si mtoto wa yule aliyejipiga, akarudi nyumbani, na hakuomba tena.

Marehemu aliacha kazi mwezi Machi 2014, akafungua karakana ya cherehani na pampu za maji kule Maisaka, na hakugusa tena bunduki. Kila mwaka kabla ya masika alikwenda upande wa pili bila kuombwa, akaukaza uzio wa shamba la Vailet ili viboko wa ziwani wasiingie kwenye mahindi, na Marietha alipomuuliza mbona wa kwao wenyewe umelala, alisema, "Kwanza ule." Ndani ya ndoa ya miaka arobaini na moja, mke huyu aliamini kwamba anamjua mume wake, na ameomba isomwe hivi, kwamba hakumjua.

Mwezi Septemba 2024 marehemu alianza kupata shida ya kumeza, na vipimo vya tarehe 11 Oktoba vikaonyesha saratani ya koo, akapata matibabu hapa Babati na baadaye Moshi, na mwezi Februari mwaka huu, sauti ilipokuwa inamwisha, alimwambia Rosemary, "Sanduku la vyombo, chini ya tupa za misumeno. Kasome namba saba." Marietha alipoletewa daftari alimwendea kitandani akamuuliza, "Baba Rosemary, kwa nini?" na yeye akafungua mdomo, akaufunga, akaelekeza kidole kwenye koo lake. Alipewa kalamu. Aliishika kwa muda mrefu, kama zamani akiwa shule, na hakuandika. Alifariki Jumanne, tarehe 15 Julai 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa na Moshi, ambao walimgeuza na kumwosha kama ndugu yao, inamshukuru padre na jumuiya ndogondogo ya Nakwa, inamshukuru Abdulsalam na familia yake kwa turubai na viti na kwa kukubali kusema aliyoyakumbuka, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, hasa Rashidi, aliyesafiri siku mbili. Inawashukuru pia majirani wote, na kwa jirani mmoja shukrani hazitoshi wala hazifai, kwa hiyo hazitatolewa.

Alhamisi alasiri familia ilikaa kikao kuhusu daftari. Xavery, mdogo wa marehemu, alisema, "Mtu amelala hapo ndani, hawezi kujitetea. Mnataka kumfukia mara mbili?" Benedict alimuunga mkono. Marietha akasema, "Gerson naye hakuweza kujitetea, na alikuwa na mke." Ikaamuliwa kwamba jambo la saba lisomwe leo mbele ya watu wote, kwamba barua iandikwe kuomba fomu ya tukio irekebishwe, na kwamba daftari lipelekwe kwa Vailet kabla ya maziko, ili asiyasikie haya hapa kwa mara ya kwanza. Barua ilichapwa na Abdulsalam, kurasa mbili, na aliyeipeleka ofisini jana asubuhi ni Xavery mwenyewe, akarudi na nakala iliyogongwa muhuri. Daftari wazee walitaka lipelekwe na Rosemary, kwa kuwa mjane hatoki nje kabla ya kuzika, lakini Marietha alivaa kaniki yake akatoka, akauzunguka uzio kwa miguu, na hakuna aliyethubutu kumrudisha.

Vailet alisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakulia, na hakumkaribisha ndani. Alisema, "Miaka kumi na miwili ananijengea uzio, Mama Rosemary, na nilikuwa nikimwombea kwa Mungu." Daftari akabaki nalo. Akasema hatakuja makaburini, ila lisemwe jambo moja kwa sauti, na jina la mume wake litajwe lote.

Marietha ametumwa, na kupitia karatasi hii anatimiza alichotumwa. Gerson Margwe Hhando hakuwa mzembe.

Paskasi Lohay Tarmo, lala sasa.